Sheria ya mito ikibadilika, mfuko wa nani utaguswa?

"Mtaalamu, salamu nyingi. Mimi ni mama wa watoto watano hapa Lubumbashi, na ni mjumbe wa komite ya kartiye yetu. Kwa miaka kumi na mmoja nalima lengalenga na matembele kandokando ya mto Lubumbashi, upande wa kusini wa mji. Katika mkutano wa mwisho tuliambiwa kwamba bunge la jimbo huenda likaletewa sheria mpya ya maji na ya kufufua mito: mito itazibuliwa, kingo zitapandwa miti, na watu hawataruhusiwa tena kujenga wala kulima karibu na maji. Mmoja alisema mataksi, yaani kodi, yatapanda. Mwingine akasema hapana, kampuni za migodi zitalipa kila kitu. Wa tatu, anayefanya kazi ya hesabu, alisema komine yetu haina hata pesa za kuzoa taka, kwa hiyo sheria hiyo itaimaliza. Tulirudi nyumbani vichwa vikiwa vizito. Naomba unieleze kwa utaratibu: sheria ya namna hiyo inafanya nini kwa pesa za jimbo, za komine na za nyumba zetu? Na mimi mwenye tuta zangu, nijiandae vipi?"

Mama, asante kwa barua yako, na asante zaidi kwa kutoridhika na yale matatu uliyoyasikia mkutanoni. Wale waliosema, kila mmoja ameshika kipande cha ukweli, lakini hakuna aliyeushika wote. Hofu yako naielewa hivi: mto ukitungiwa sheria, lazima apatikane mtu wa kulipa, na wewe umekwisha kuona mara nyingi kwamba mlipaji asipojulikana, mzigo humwangukia yule asiye na pa kukimbilia. Nitaanzia hapo hapo kwenye malipo, kwa sababu ndipo kosa la kwanza lilipo.

Kosa lenyewe ni kudhani kwamba mto ulivyo sasa haugharimu kitu, na kwamba gharama itaanza siku sheria itakapotiwa sahihi. Mto mchafu unalipiwa kila siku. Unalipiwa na mama anayenunua maji ya bidoni kwa sababu bomba limetoa maji yenye rangi ya chai, na familia iliyompeleka mtoto kwenye kituo cha afya kwa kuhara, na mwenye nyumba anayejenga upya ukuta ule ule kila baada ya mvua kubwa, na mtambo wa kusafisha maji unaolazimika kutia dawa nyingi zaidi ili tope litulie. Gharama hizo hazimo katika bajeti yoyote, na ndiyo maana zinaonekana kama hazipo. Sheria ya mito, ikitungwa vizuri, inazitoa gharama hizo mifukoni zilikojificha na kuziandika kwenye daftari ambalo wewe na mimi tunaweza kulisoma. Ikitungwa vibaya, inaongeza maandishi juu ya daftari huku mifuko ile ile ikiendelea kulipa.

Nikupe mfano wa jambo nililoliona kwa macho yangu. Mwaka mmoja, katika mwezi wa kumi, kabla ya mvua za kwanza, nilisimama kando ya mtaro mkubwa unaomwaga maji mtoni. Vijana sita walikuwa ndani yake, maji yakiwafika magotini, wenye masepetu matatu na mikokoteni miwili ya gurudumu moja. Walitoa mchanga, chupa za plastiki, mifuko, vipande vya matofali, hata godoro zima. Kazi yao ilikuwa safi kabisa: jioni ile maji yalipita chini ya daraja kwa sauti ambayo watu wa pale walikuwa wameisahau. Lakini tope lote lilirundikwa ukingoni, hatua mbili kutoka kwenye mtaro, kwa sababu bajeti ilikuwa na fungu la vibarua na haikuwa na fungu la lori. Mvua ya pili ya Novemba ililirudisha rundo lile ndani. Nilipoisoma taarifa ya matumizi ya mwaka ule, mstari wa usafi wa mitaro ulionyesha kwamba fedha zimetumika zote na kazi imetekelezwa, na kwa karatasi ilikuwa kweli. Tangu siku ile, nikisoma sheria yoyote ya mito, jambo la kwanza ninalolitafuta ni lile lori.

Sasa tuingie kwenye sheria zenyewe. Msingi wa nchi yetu nzima, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ni Sheria namba 15/026 ya tarehe 31 Desemba 2015 kuhusu maji. Kabla yake tulikuwa na vipande vipande, vingine vya tangu enzi za ukoloni, na huduma ya maji ya bomba ilikuwa mikononi mwa REGIDESO peke yake. Sheria ya 2015 iliondoa ukiritimba huo, ikathibitisha kwamba maji ni mali ya umma ya Taifa, ikaweka kanuni kwamba anayechota analipa na anayechafua analipa, na ikazipa majimbo pamoja na miji, komine, sekta na usultani wajibu katika huduma ya maji ya kunywa. Kwa hiyo, sheria ya jimbo, ile tunayoiita edi, haianzi kwenye uwanja mtupu. Inateremsha mambo ambayo sheria ya Taifa imekwisha kuyaruhusu, na haiwezi kuyapita.

Katika kuteremsha huko ndimo bajeti inamoguswa. Kila sheria ya aina hii inahamisha wajibu: jana kuzibua mto hakukuwa kazi ya mtu maalum, kesho kutakuwa kazi ya komine au ya ofisi fulani ya jimbo. Wajibu ukihama, mambo mengine mawili lazima yahame pamoja nao, nayo ni pato la kuulipia na watu wa kuufanya. Wajibu ukihama peke yake, tunapata kile alichokiogopa yule ndugu wa hesabu, na ana haki ya kuogopa. Bajeti ya komine inatakiwa ilingane, matumizi yasizidi mapato. Ukiitwika kazi mpya bila pato jipya, haitaandika deni, bali itakata mahali pengine. Itakata kwenye taka, kwenye taa za barabarani, kwenye mishahara ya wafanyakazi wa chini, au itaandika mstari wa mto wenye kiasi kidogo kisichoweza kufanya lolote, ili sheria ionekane inaheshimiwa.

Je, mataksi yatapanda? Mtu aliyesema hivyo alidhani kwamba bunge la jimbo linaweza kubuni kodi yoyote linayoitaka. Haliwezi. Katiba, katika kifungu cha 174, inasema kwamba kodi haiwekwi ila kwa sheria, na tangu tarehe 13 Machi 2018 kuna Amri-Sheria namba 18/004 inayotoa orodha ya kodi, tozo na ada ambazo jimbo na mamlaka za chini yake zinaruhusiwa kutoza. Edi inaweza kupanga viwango na namna ya kukusanya yaliyomo kwenye orodha, lakini haiwezi kuongeza jina jipya kwa sababu tu mto umechafuka. Mtu akija na risiti ya "taksi ya kufufua mto" kabla edi haijapitishwa, au edi ikiwepo lakini jina hilo halimo kwenye orodha, unayo haki ya kumwomba akuonyeshe kifungu. Mwombe kwa heshima, mbele ya watu, na uandike jina la ofisi yake. Kinachoweza kupanda kwa uhalali ni viwango vya ada zilizopo, na vilevile bei ya maji ya bomba, ikiwa mchotaji mkubwa ametozwa ada ya kuchota na akaruhusiwa kuihamishia kwa wateja wake. Njia hii ya pili ndiyo ya kuichunga zaidi, kwa sababu huja kimyakimya kwenye fakture na hakuna mkutano wa kartiye unaoijadili.

Kuna jambo jingine ambalo watu wengi hawalijui, nami naliona kubwa kuliko hata kiwango cha ada. Kanuni ya hesabu za serikali ni kwamba mapato yote yanaingia chungu kimoja na matumizi yote yanatoka chungu hicho hicho. Kwa hiyo, hata kama kila kiwanda cha Lubumbashi kingelipa ada ya maji kesho asubuhi, pesa zile zisingekwenda mtoni kwa sababu tu zimeitwa za maji. Zingekwenda chunguni, na chungu kina wenye njaa wengi. Sheria ya fedha za umma namba 11/011 ya tarehe 13 Julai 2011 inatambua njia za kutenga pesa kwa kazi maalum, yaani bajeti ambatani na akaunti maalum, lakini njia hizo hazijifungui zenyewe, lazima ziandikwe. Mkisomewa mswada wa edi, msikilizeni anayesoma hadi afike kwenye maneno hayo. Yasipokuwemo, basi mto umetajwa kwenye kichwa cha sheria na kusahauliwa kwenye sanduku.

Wenzetu wa Ufaransa walipitia jambo hili hivi karibuni. Kwa sheria ya Januari 2014, ambayo sehemu hii yake ilianza kutumika tarehe 1 Januari 2018, kazi ya kutunza mito na kuzuia mafuriko ilikabidhiwa miungano ya wilaya ndogo za mahali. Pamoja na kazi hiyo ilipewa ruhusa ya kutoza kodi isiyozidi euro 40 kwa kila mkazi kwa mwaka, na sheria ikasema wazi kwamba pato hilo halitumiki ila kwa kazi hiyo. Hata hivyo malalamiko hayakukosekana, kwa sababu wilaya zenye mto mrefu na watu wachache zilijikuta na kazi kubwa na pato dogo, wakati miji yenye watu wengi iliweza kukusanya kwa urahisi zaidi. Sikuletei mfano huu ili tuige kiwango chao, maana mfuko wa mtu wa kwetu si mfuko wa mtu wa kule. Nauleta kwa sababu unaonyesha mambo mawili kwa pamoja: wajibu unaweza kuteremshwa pamoja na pato lake, na bado kugawa pato kwa mipaka ya utawala kunaumiza wale ambao mto umewazidi nguvu.

Hapo ndipo tunapofika kwenye migodi. Lubumbashi imezaliwa na mto na shaba kwa wakati mmoja: mji ulianza mwaka 1910, tanuru la kuyeyushia shaba likawashwa mwaka 1911, na tangu hapo maji yetu na madini yetu hayajawahi kutengana. Mto Lubumbashi unaingia Kafubu, Kafubu inaingia Luapula, na Luapula ni mpaka wetu na Zambia. Kinachotiwa huku juu kinasafiri njia hiyo yote.

Kanuni ya migodi iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018 inagawa mrabaha, yaani malipo ya kampuni kwa madini inayochimba, kwa namna ambayo kila mjumbe wa komite anapaswa kuijua kwa kichwa. Tuchukue mgodi uliolipa mrabaha wa dola 1,000,000, kwa mfano tu. Dola 500,000 zinakwenda serikali kuu, 250,000 zinakwenda jimbo, 150,000 zinakwenda kwenye mamlaka ya mahali mgodi ulipo, na 100,000 zinawekwa kwenye mfuko wa vizazi vijavyo. Tazama lile fungu la tatu. Linakwenda mahali mgodi ulipo. Halikusemwa kwamba litafuata maji yanakopita. Komine au usultani wenye mgodi unapata asilimia 15, na komine iliyo chini ya mto, inayopokea tope na rangi ya maji, haipati hata senti moja kutoka fungu hilo. Mipaka ya pesa imechorwa juu ya ardhi na mipaka ya madhara imechorwa na maji, na mistari hiyo miwili hailingani. Ukiniuliza sheria mpya ya mito ya jimbo irekebishe jambo gani moja tu, nitakujibu ni hili: iwalazimishe walio juu na walio chini ya mto mmoja kukaa meza moja, na kuchangia kazi ya bonde zima kwa kadiri ya wanachopata kutoka bonde hilo. Sheria ya 2015 inayataka maji yasimamiwe kwa kufuata mabonde ya mito, kwa hiyo jimbo lingekuwa linatekeleza tu lile ambalo Taifa limekwisha kulisema.

Na yule aliyesema kwamba kampuni zitalipa kila kitu, tumjibu kwa upole kwamba amechanganya malipo mawili. Mrabaha ni bei ya madini, ambayo ni mali ya Taifa. Haulipwi kwa ajili ya uchafu, na kampuni iliyolipa mrabaha haijanunua ruhusa ya kuchafua. Malipo ya uchafu ni jambo la peke yake: Kanuni hiyo hiyo ya migodi inamtaka mwenye haki ya mgodi afidie madhara yaliyoletwa na kazi yake kwa watu, mali na mazingira, hata kama hakuna kosa wala uzembe uliothibitishwa. Kuna pia dhamana ya fedha anayopaswa kuiweka kwa ajili ya kurekebisha eneo lake, na kuna mchango wa angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake ya mwaka kwa maendeleo ya jamii zinazoguswa na mgodi. Hivyo vitatu viko nje ya bajeti ya komine. Viongozi wakianza kutumia mrabaha kulipia uchafu wa kampuni, umma unakuwa umelipa mara mbili: mara ya kwanza kwa mto kuharibika, mara ya pili kwa pesa za shule na barabara kuchukuliwa ili kumsafishia aliyeuharibu.

Zaidi ya hayo, mrabaha haukai mahali pamoja. Kiwango chake ni asilimia 3.5 kwa shaba na asilimia 10 kwa kobalti, na thamani ya madini yote mawili inafuata bei za dunia. Mwezi wa Februari 2025 serikali ilisimamisha kabisa uuzaji wa kobalti nje ya nchi, na mwezi wa Oktoba mwaka huo huo ndipo utaratibu wa kugawa viwango vya kuuza ulipoanza. Fikiria komine iliyoahidi kuzibua mto wake kwa pesa za kobalti mwaka ule. Mvua za Novemba hazingojei bei ipande. Kwa sababu hiyo nashauri kazi za kila mwaka, yaani kuzibua, kuzoa, kupalilia miche ya ukingoni na kulipa walinzi wa mto, zilipiwe kutokana na pato lisilotikisika, hata kama ni dogo, na mrabaha uachiwe kazi za mara moja kama kujenga daraja pana au kuta za kuzuia udongo. Wengi hufanya kinyume: wafadhili au mwaka mzuri wa madini hujenga, watu wanapiga picha, na baada ya misimu mitatu hakuna fungu hata la sepetu.

Ungeniuliza pia kuhusu pesa zinazotoka Kinshasa. Katiba, katika kifungu cha 175, inasema asilimia 40 ya mapato ya kitaifa ni ya majimbo, na inakatwa hapo hapo inapokusanywa. Na katika fungu hilo la jimbo, miji, komine, sekta na usultani zinastahili asilimia 40. Ingekuwa inafanyika hivyo, barua yako ingekuwa fupi. Kwa vitendo pesa zinapanda kwanza hadi kwenye hazina kuu, kisha zinarudishwa, na zinarudi pungufu na kwa kuchelewa. Jimbo likikuambia kwamba sheria ya mito italipiwa kwa fungu hilo, uliza lilipata kiasi gani mwaka jana, si kiasi gani liliandika kwenye makadirio. Makadirio ni maneno ya Desemba.

Je, basi ni afadhali sheria isitungwe? Hapana, na nasema hivyo nikijua yote niliyoyaandika hapa juu. Tarehe 18 Februari 2025, upande wa pili wa mpaka, bwawa la maji yenye asidi ya kiwanda cha shaba lilibomoka karibu na Kitwe, maji yake yakaingia mto Kafue kupitia vijito vyake. Samaki walikufa, mashamba ya kando ya maji yaliungua, na huduma ya maji ya bomba ya mji ule wenye mamia ya maelfu ya watu ikabidi ifungwe. Serikali ililazimika kumwaga chokaa mtoni ili kupunguza ukali wa asidi. Kitwe si mbali nasi, na wengi wetu tuna ndugu huko. Hakuna aliyekuwa ameandika gharama ile katika bajeti ya mwaka, na bado ililipwa. Ukaguzi wa bwawa, vipimo vya maji vya kila mwezi na mkaguzi mwenye gari lenye mafuta ni mistari midogo ya bajeti, na ikikosekana tunalipia ajali iliyokuwa ikiweza kuzuilika.

Faida za kufufua mto zenyewe zinarudi kwa njia isiyoonekana haraka. Yale mabonde yenye majimaji tunayoyaita dembo yanafanya kazi ya sponji: yanameza mvua ya Januari na kuiachia taratibu hadi kiangazi. Yakijazwa vifusi na nyumba, mvua yote inateremka kwa siku moja, na mwezi wa Septemba mto unakuwa uzi. Miti ya miombo ikikatwa kwa makala, yaani makaa ya kupikia, huko juu, udongo unabaki uchi na unakuja kulala kwenye mitaro yetu, kisha tunawalipa vijana sita wautoe. Hekta moja ya dembo iliyoachwa wazi inapunguza kazi ya mtaro, ya daraja na ya mtambo wa maji kwa wakati mmoja. Tatizo la kibajeti ni kwamba anayeitunza dembo ni komine moja, na anayepata nafuu ni REGIDESO na komine nyingine, tena baada ya miaka kadhaa, wakati aliyepitisha matumizi hayo huenda hayupo tena ofisini. Kwa sababu hiyo mimi naunga mkono ada kwa wachotaji wakubwa, wakiwemo migodi, viwanda vya vinywaji na wenye visima virefu vya biashara, ikiwa imo kwenye orodha halali na ina akaunti yake. Wao ndio wanaofaidi maji yakiwa mengi na safi, na pato la ada hiyo halitegemei sana bei ya kobalti. Salongo, ile kazi ya pamoja ya usafi ya Jumamosi, inasaidia kuzoa taka za juu na inajenga moyo wa ujirani, lakini isitumiwe kuziba pengo la fedha. Tope la mto wetu linaweza kuwa na metali, na si haki kuwaingiza akina mama na vijana humo mikono mitupu ili komine isinunue glavu.

Sasa tuje kwenye tuta zako. Ukingo wa mto kwa kawaida ni sehemu ya mali ya umma, na ardhi yote ni ya Taifa tangu sheria ya mwaka 1973. Sitaki kukupa matumaini ya uongo: mtu anayelima ukingoni bila hati ana nafasi finyu kuliko mwenye hati. Finyu haimaanishi hana. Kifungu cha 34 cha Katiba kinalinda mali, na sheria ya tarehe 22 Februari 1977 kuhusu kuchukua mali kwa manufaa ya umma inataka fidia iliyo sawa. Mazao yaliyo shambani, kisima ulichochimba na kibanda chako cha vifaa vinaweza kuhesabiwa. Kwa upande wa bajeti jambo hili lina maana moja: fidia ni gharama ya sheria, na inapaswa kuandikwa kwenye makadirio kabla ya tingatinga kuwashwa. Sheria ya mito inayotaja miti itakayopandwa na isitaje fungu la wanaohamishwa imeficha nusu ya bei yake, na nusu hiyo imewekwa mgongoni mwako. Wajumbe wa komite mnaweza kuuliza hilo bila kuipinga sheria yenyewe.

Kuna njia ya katikati, na ningependa komite yako iipeleke mbele. Miche inahitaji kumwagiliwa na kulindwa dhidi ya mbuzi kwa misimu miwili au mitatu, na hakuna anayeijua ile ardhi kuliko ninyi mnaolima pale. Edi inaweza kuruhusu wakulima wa ukingoni waingie mkataba wa utunzaji: waondoke kwenye hatua za karibu kabisa na maji, wapande mianzi, majani ya vetiveri na miti ya matunda, walipwe ujira kwa muda, na wabaki na haki ya kuvuna. Kwa komine ni rahisi kuliko kuweka walinzi na kurudi kuwafukuza watu kila mwaka, na kwako ni pato lisilokatika ghafla. Lakini kwanza pimisha udongo wako. Moshi wa matanuru umeanguka juu ya mji huu kwa zaidi ya miaka mia, na mboga za majani hunyonya metali kwa urahisi. Kwenye Chuo Kikuu cha Lubumbashi wapo watu wa kilimo waliolishughulikia jambo hili kwa miaka mingi, na jibu lao litakusaidia kujua kama utaendelea na lengalenga au utabadilisha zao.

Kwa mkutano ujao, omba mswada wenyewe usomwe, na muulize mbunge wenu wa jimbo ni ofisi gani imepewa kazi ya mto, pato lake limo kwenye kifungu gani, pesa zitakaa akaunti gani, na fidia imetengewa kiasi gani. Majibu yaandikwe kwenye muhtasari wa mkutano, na muhtasari upigwe sahihi.

Yapo mambo ambayo barua haitoshi. Ukipokea karatasi yoyote ya kukutaka uondoke, usiipige sahihi siku hiyo hiyo. Nenda nayo kwa wakili au kwenye ofisi ya msaada wa sheria, ukiwa na picha za tuta zako, risiti yoyote uliyowahi kulipa kwa ajili ya shamba hilo, na majina ya majirani wawili wanaojua umelima tangu lini. Ukiona maji yamebadilika rangi ghafla, samaki wakielea au majani yakiungua kingo, usimwagilie na usiwaache watoto waingie. Piga picha zinazoonyesha tarehe, chota maji kwenye chupa safi mbele ya shahidi bila kuyagusa kwa ngozi, na siku hiyo hiyo mfike ofisi ya mazingira ya jimbo mkiwa wawili au watatu. Wenye hesabu zinazowatatiza kwenye bajeti ya komine wanaweza kuniletea nakala. Nitaisoma pamoja nao, mstari kwa mstari, tukianzia kwenye fungu la usafi.